Raba Iliyo Nyuma ya Kalamu

Viraj alikuwa na ugonjwa wa watu wenye akili nyingi: hakupenda kuulizwa mara mbili. Kompyuta ikimwuliza kama ana hakika, alikasirika. Mama yake akimwuliza kama ameshiba, alikasirika pia, ingawa huko alijizuia. Kwa hiyo alipoandika ile sehemu ya programu ya kufuta vitu kwenye ramani, aliifanya ifute papo hapo, bila swali wala kungoja, na akajiona amewafanyia watu hisani.

Kalamu yenyewe nieleze, maana si kila mtu amewahi kuiona. Mwaka huo wa elfu mbili na tisa, kikundi chao cha wachora ramani wa kujitolea kilipewa laptop kuukuu kutoka ng'ambo, na zilikuwa za aina ngeni. Skrini yake uliweza kuizungusha ukailaza juu ya vibonyezo, mashine nzima ikawa bapa kama sinia, na ubavuni ilichomekwa kalamu ya plastiki ya kuandikia juu ya hiyo skrini. Ncha ilichora. Huku nyuma, pale penseli ya shule inapowekewa raba, nayo ilikuwa na raba yake, na mashine ilitambua ni upande gani uliogusa. Tabu ni kwamba programu yao ya ramani, iliyoandikwa bure na watu wa nchi mbalimbali wasioonana uso kwa uso, haikujua lolote kuhusu raba. Ukiigusa na mbele, ukiigusa na nyuma, yenyewe iliona ni mguso tu. Viraj akasema, niachieni mimi.

Aliifanya kazi hiyo katika chumba chao cha ghorofani, katikati ya jiji, huku kelele za makanga wa matatu zikipanda dirishani. Haikuwa kazi ndogo, tusimnyime haki yake. Alipomaliza aliwatumia wenzake wa mbali, na Mjerumani mmoja ambaye hakuwahi kumsifu mtu akamwandikia kwamba kazi ni safi. Barua hiyo Viraj aliisoma na kuirudia kuliko ilivyostahili.

Aliyekuwa na neno ni Nashon peke yake, aliyekaa meza ya pili.

"Weka swali hapo, bwana," Nashon alimwambia. "Mtu akigusa na raba, mashine imwulize kama kweli anataka kufuta."

"Mtu hageuzi kalamu kwa bahati mbaya. Akiigeuza anajua anachotaka."

"Sawa. Lakini si kila mtu ni Viraj."

"Ndio maana hii mambo haiendi," Viraj akasema, na wenzao wakacheka. Nashon akarudi kwenye kazi yake. Programu nayo ikatoka hivyo hivyo ilivyokuwa.

Sasa twende Dagoretti, pembeni mwa jiji. Soko la huko, lile lililo karibu na vichinjio, lilikuwa libomolewe lijengwe upya, na mhandisi wa mradi alikuwa amesema neno moja ambalo kila mchuuzi alilishika: aliye kwenye ramani atapata nafasi katika soko jipya, na asiyekuwemo atangoja. Wachuuzi wakaomba msaada kwa kikundi cha kina Viraj. Kikundi kikawapa laptop moja pamoja na kalamu yake, wachague mtu wao wa kuchora.

Walimchagua Nthenya. Alikuwa mama wa makamo kutoka Kitui, muuzaji wa ndengu na mbaazi, na walimchagua kwa sababu alikuwa mtu wa kuaminika katika soko lisiloaminiana. Maana soko lile lilikuwa na pande mbili. Wale wa mbele, wa barabarani, walipata wateja. Wale wa nyuma, wa upande wa vichinjio, walipata harufu, na siku zote walihisi wenzao wanataka kuwamaliza. Nthenya alikuwa na kibanda chake mbele, lakini ugomvi ukitokea ni yeye aliyeitwa kuuamua, na wa nyuma walimkubali.

Viraj alikwenda kumfundisha asubuhi moja. Alimwonyesha jinsi ya kuchora kibanda, kuandika jina na kusogeza ramani kwa kidole. Nthenya alishika upesi na hakuwa na maneno mengi. Raba Viraj hakuitaja. Kwake lilikuwa jambo lililo wazi, na isitoshe alikuwa na haraka ya kurudi mjini.

"Ukikwama niite, mama," alimwambia.

"Sitakwama, mwanangu," Nthenya akasema, akaifunga mashine ndani ya leso safi.

Akachora. Jamani, mama yule alichora. Kila meza, kila kibanda, kila mwenye gunia lake chini, aliwapitia mmoja mmoja. Wa mbele walimwachia, hawakujisumbua. Wa nyuma ndio waliokuwa na wasiwasi, hivyo kazi ilipokwisha walimjia kwa foleni, mmoja mmoja, kuuliza: Je, mimi nimo? Niko wapi? Hebu nionyeshe. Naye, upande wa nyuma wote ukiwa umeenea kwenye skrini moja, aliwaonyesha bila kuchoka.

Ramani ilipochapishwa na kutundikwa ukutani katika ukumbi wa soko, watu walisukumana kujitafuta. Wa mbele walijiona wote. Kisha mchinjaji mmoja wa nyuma, mtu mnene aitwaye Mwangangi, akasema, "Mimi siko." Muuza matumbo aliyesimama kando yake akasema naye hayuko. Wakaendelea hivyo, mmoja baada ya mwingine, na wote walikuwa wa nyuma.

Mwenyekiti wao, mzee Mungai, akawanyamazisha akamgeukia Viraj, aliyekuja kushuhudia kazi yake. "Kijana, wewe ndiye fundi. Mashine imepoteza watu wetu?"

Hapo ndipo Viraj alipoulizwa swali ambalo angeweza kulijibu kwa namna nyingi. Angeweza kusema, ngoja niangalie. Angeweza kumsogelea Nthenya amwulize amefanyaje. Lakini alikuwa amesikia mashine yake ikishukiwa, na damu ikampanda. Aliifungua laptop, akatazama kumbukumbu za programu, ambazo huonyesha kila kilichochorwa na kila kilichofutwa, na kwa mkono wa nani.

"Mashine haijapoteza mtu," alisema mbele ya wote. "Hivi vibanda vilichorwa vizuri. Halafu vikafutwa, kimoja kimoja. Na aliyefuta ni mama hapa."

Vichwa vikageuka. Nthenya alikuwa amesimama karibu na ukuta.

"Sikufuta," akasema.

"Mama, imeandikwa hapa."

"Sikufuta," alirudia, kwa sauti ileile. Aliikunja ile leso aliyokuwa akifungia mashine, akaiweka begani, akampa Mungai kalamu na kutoka. Nyuma yake watu walianza kuulizana ni nani wa barabarani aliyempa kitu kidogo awafute wenzake. Viraj aliyasikia hayo. Aliyaona si yake, akapanda gari akaenda zake.

Habari za baadaye zilimfikia kupitia kwa Nashon, aliyekuwa akipita Dagoretti. Wa nyuma hawakununua tena ndengu kwa Nthenya. Ugomvi wa soko haukupelekwa kwake tena. Wengine hata salamu walimnyima, na wale wa mbele, ambao aliambiwa amewapendelea, walijitenga naye zaidi, wasije wakaonekana ndio waliomtuma. "Yule mama wamemmaliza," Nashon alisema. Viraj akajibu kwamba mtu akifanya kosa lazima alibebe.

Jumapili iliyofuata alikuwa nyumbani kwao Spring Valley. Baba yake, Bhanu, alikuwa na duka la vyuma na rangi mjini tangu Viraj hajazaliwa, na hajawahi kuelewa kwa nini mwanawe mwenye digrii anafanya kazi asiyolipwa. Siku hiyo, baada ya chakula, akiwa ameshiba na moyo umelainika, akasema, "Haya, lete hiyo ramani yako ya bure tuione."

Viraj alifurahi kupita kiasi. Akaleta laptop ya aina ileile, akailaza mezani kati ya bakuli za achari, akafungua ramani ya Dagoretti, mahali alipokuwa amerudisha vichache vya vile vibanda vilivyofutwa, kwa majaribio, akampa baba yake kalamu.

"Hii ni barabara ya Kikuyu?" Bhanu akauliza.

"Ndiyo, Papa."

"Na hiki hapa ni nini?"

Bhanu aliigeuza kalamu mkononi, nyuma ikaja mbele, akagusa kibanda. Aliigeuza bila kufikiri. Kwa miaka yote dukani, akimwonyesha mteja mstari kwenye risiti, aligeuza biro vilevile, ili wino usichafue karatasi.

"Hicho ni cha mchinjaji," Viraj akasema.

"Na hiki?" Akagusa kingine kwa nyuma ya kalamu. Kisha akaisogeza ramani kutafuta barabara aliyoijua, akaisogeza tena kurudi, akakunja uso. "Hapa kulikuwa na vitu. Nilikuwa nakuonyesha sasa hivi. Vimeenda wapi?"

Viraj aliitazama skrini. Mashine zile zilikuwa zimechoka; ukifuta kitu, picha yake ilibaki kwenye skrini mpaka uisogeze ramani, kwa hiyo aliyegusa hakuona kitu kikiondoka. Hilo alilijua. Alikuwa akilijua tangu mwanzo na hakulipa uzito.

"Papa, hebu fanya tena," alisema. "Nionyeshe kitu. Chochote."

Bhanu akageuza kalamu.

Aibu ilimshika Viraj kuanzia masikioni ikashuka kifuani. Alimkumbuka mwalimu wake wa darasa la tatu, aliyempiga rula vidoleni kwa kuonyesha neno kwenye kitabu kwa ncha ya kalamu. Geuza, mwalimu alisema, usichafue kitabu. Makarani wanageuza. Mapolisi barabarani wanaonyesha kosa lako kwa nyuma ya kalamu. Nchi nzima imefundishwa hivyo, ni adabu, na yeye mwenyewe, akipewa karatasi, hugeuza. Ila alipokaa mbele ya kompyuta yake aliisahau nchi yake yote akamkumbuka Mjerumani.

Kisha akawaona wale wa nyuma wakija kwa Nthenya na wasiwasi wao, na Nthenya akiwaonyesha kwa adabu, hapa, uko hapa. Ndiyo maana wakaondoka wao, na wa mbele wakabaki. Kila aliyekuja kuhakikisha yumo ndiye aliyefutwa.

"Nini?" baba yake akauliza. "Nimeiharibu?"

"Hapana, Papa. Hujaharibu kitu."

Mtu angedhani alikimbia Dagoretti saa hiyohiyo. Hakukimbia. Aliona haya, na haya ikimshika mtu mwenye majivuno humpeleka kwenye kazi badala ya kumpeleka kwa watu. Jumatatu alirudisha vibanda vyote vilivyofutwa, jambo lililokuwa rahisi kwani programu ilivikumbuka. Akaibadilisha raba isifute mpaka iulize. Kisha akawaandikia wenzake wa mbali maelezo mafupi ya mabadiliko hayo: nimeboresha tabia ya kalamu. Mjerumani akamshukuru.

Nashon aliisoma ile barua, akageuza kiti chake. "Umeboresha?"

"Niliona kuna pengo."

"Na yule mama?"

"Vibanda alivyochora nimevirudisha vyote."

"Sikuulizi vibanda," Nashon akasema.

Viraj akajitia kutafuta kitu mezani. Nashon akakigeuza kiti chake tena.

Alikwenda Dagoretti na ramani mpya iliyochapishwa, akiwa amepanga la kufanya: angemwita Nthenya pembeni, amweleze taratibu, amwombe radhi wakiwa wawili tu. Njia nzima aliipanga ile sentensi. Lakini Mungai alikuwa ameshapata habari ya ramani mpya na ameshawakusanya watu, na Viraj alipofika ukumbini walimpokonya karatasi wakaitundika kabla hajavuta pumzi.

Mchinjaji Mwangangi alijiona wa kwanza. Akaweka kidole juu ya jina lake akacheka kwa sauti. Muuza matumbo naye akajiona. Wa nyuma wote walikuwemo. Watu wakapiga makofi, na waliyempigia ni Viraj. Wakamshika mikono. Mwangangi akamletea kilo mbili za steki zilizofungwa kwenye gazeti, akamwambia ni za mama nyumbani, na Viraj, mtoto wa nyumba isiyopika nyama, akazipokea kwa mikono miwili kwa sababu hakujua afanye nini tena.

"Hii ndiyo faida ya kumpa kazi mtu aliyesoma," mtu mmoja akasema.

Nthenya alikuwa mlangoni, nusu ndani nusu nje, na hakuna aliyesimama karibu naye.

"Ningependa kusema kitu," Viraj akaanza. "Kulikuwa na hitilafu ya kiufundi. Katika mfumo wa kalamu. Imerekebishwa."

Wakaitikia kwa vichwa, vile watu wanavyoitikia lugha ya ofisini. Mungai akatabasamu. "Hitilafu tunaijua, kijana," akasema, akatupa jicho mlangoni, na ukumbi mzima ukacheka.

Viraj aliona kwamba amemtia Nthenya hatiani tena, mara hii kwa maneno ya kuungama. Angenyamaza pale, ingekuwa imekwisha: makofi ameshapata, nyama ameshapata, soko lote limeridhika. Akaiweka ile nyama juu ya benchi.

"Hakuna mtu aliyewafuta," alisema. "Ni mimi. Hii kalamu mimi ndiye niliyeifanya ifute kwa nyuma, na sikumwambia mama. Rafiki yangu alinionya nikamcheka. Kila mlipokuja kuulizia vibanda vyenu, mama aliwaonyesha kwa nyuma ya kalamu, kama mtu yeyote angefanya, na kila alipogusa, kilifutika. Hakuona. Hangeweza kuona. Halafu nikasimama hapa nikamwita mwongo."

Mungai aliitazama biro iliyokuwa mfukoni mwa shati lake. Mwangangi akauliza polepole, "Yaani alipokuwa akinionyesha?"

"Ndiyo. Hapo hapo."

Nthenya akaingia ndani. Watu walimpisha, wengine wakitazama sakafu. Alisimama mbele ya Viraj, mfupi kuliko alivyomkumbuka.

"Mama, nisamehe," Viraj akasema.

"Ngoja kwanza," Nthenya akasema. "Siku ile ukiwa hapa, uliiuliza mashine. Ukaifungua, ukaisoma, ikakujibu. Mimi nilikuwa pale ukutani. Mimi hukuniuliza."

"Sikukuuliza, mama."

"Wala hawa hawakuniuliza, na wananijua kabla yako." Hakugeuka kuwatazama aliposema hivyo. "Basi niulize sasa."

Viraj aliyahisi macho ya ukumbi mzima mgongoni. Angetoa chochote awe mahali pengine. "Mama," akaanza. "Mama, ulifanya nini na vibanda vya watu?"

"Walikuja wakiogopa kwamba hawamo," Nthenya akasema. "Huyu Mwangangi alikuja wa kwanza. Nikawaonyesha kwamba wamo. Na nikaigeuza kalamu kila mara, nisije nikakwaruza mashine yako."